Friji ya Chumba Nisichokijua

Jumapili, 3 Machi

Wiki ya sita tangu binti yetu ahame. Chumba kimoja, kajiko humo humo, ghorofa ya pili — ninayojua ni hayo tu. Ana kazi yake maabara ya hospitali, mshahara wake, uamuzi wake. Sawa. Lakini baba mtu ni fundi wa vyombo vya umeme, halafu mtoto anywe maji ya uvuguvugu? Haiwezekani. Leo mezani nikatangaza kwamba namnunulia friji. Mama watoto akasema yeye ana mapazia na sufuria tatu, na wala hajamtangazia mtu.

Nimemtumia binti maswali tisa. Upana wa mlango. Soketi iko ukuta upi. Ngazi zina kona ngapi. Friji ikikaa, mlango wake ufungukie kushoto au kulia. Na kadhalika. Kajibu matatu! Halafu kaongeza kwamba nisije kupima mwenyewe, ataniita. Mara ya nne hiyo ananiambia ataniita. Kuna nini humo ndani?

Jumanne, 5 Machi

Duka la vyombo vya nyumbani. Nilitega sikio kwenye friji moja baada ya nyingine, nikazigeuza kuangalia migongo. Muuzaji, msichana mwenye kucha za zambarau, akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nikamwambia naangalia kompresa. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake kumbe mteja wangu, nimemtengenezea pasi mara mbili! Nikaachiwa uwanja.

Nilipenda moja ndefu, milango miwili. Nikampigia binti. Hataki. Anataka fupi, isipite kiuno. Kishikio kipana, cha kukamata kwa kiganja kizima. Mlango usiwe mzito. Nikamuuliza mikono yake ina nini. Haina kitu, Baba. Na kama kuna anayetaka kumpa birika, liwe linalojizima lenyewe. Msichana wa miaka ishirini na nne! Anayeshinda kwenye hadubini akihesabu vijidudu!

Nimerudi kwa miguu, nawaza. Mimi watu nawasoma kwa vyombo vyao. Pasi iliyokwama kwenye joto la juu, mwenyewe ana haraka. Birika lenye ukoko mweupe mpaka katikati, humo wanakunywa chai asubuhi, mchana na jioni. Sasa hivi vyombo anavyovitaka binti yangu, simwoni yeye ndani yake. Namwona mtu mwingine kabisa.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia mama watoto: labda kuna mwanamume. Kacheka mpaka kakaa chini. Mwanamume gani huyo wa friji ya kiunoni? Nikasema basi mimba. Akaacha kucheka. Akanitazama kidogo, akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Huyu anajua jambo.

Ijumaa, 8 Machi

Binti kapita karakana saa ya chakula. Jiko la umeme la sahani mbili, kalifunga kwenye shuka. Sahani moja haipati moto. Kuna mtu kalifungua, kasema ni swichi tu, ibadilishwe. Mtu gani? Mtu wa pale pale, Baba. Akaangalia saa, akaondoka mbio.

Nikaligeuza. Kifuniko cha chini kina skrubu nane. Zote nane, ule mfereji wa kuingizia bisibisi umesimama wima.

Kiwandani hawana muda huo, skrubu inaishia inapoishia. Mjini hapa nawajua watu wawili tu wanaozisimamisha hivyo. Mmoja ni mimi. Wa pili ndiye aliyenifundisha, na nikiiacha moja imelala alikuwa akinigonga kisogoni. Kaka yangu mkubwa.

Na kuzunguka kila skrubu kuna mikwaruzo. Bisibisi imeteleza, imerudishwa, imeteleza tena. Ya nane ina mikwaruzo kumi na saba, nimehesabu. Kaka hajawahi kukwaruza chombo cha mtu maishani mwake.

Binti hakujua kwamba skrubu zitasema. Lakini Kaka alijua. Alijua jiko linakuja kwangu, na bado akazisimamisha zote. Nimekaa nalo mapajani mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemuuliza mama watoto moja kwa moja. Kaka yuko kwa binti?

Tangu mwezi wa kwanza, kasema, wala hakuinua macho kwenye maharage anayochambua. Alikuwa akikaa peke yake. Mikono imezidi kutetemeka, hata kifungo kinamshinda. Akajimwagia birika la maji ya moto, akapelekwa hospitali, na binti akamkuta kwenye benchi la kusubiria. Hakumrudisha alikotoka. Akatafuta chumba.

Kumbe ndiyo maana alihama! Na mimi nilidhani ni ujana. Nikauliza kwa nini mmenificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Wewe uliuliza upana wa mlango," kasema. "Hukuuliza anaishi na nani."

Nikauliza kama Kaka ndiye aliyekataa nisije. Hakukataa, kasema. Alisema tu nije siku nitakayokuwa na la kumwambia.

Jumapili, 10 Machi

Hili sijawahi kuliandika mahali. Wala kulisema.

Miaka mitano sasa. Mashine ya kufulia ya nyumba ya wageni, tuliyoitengeneza mimi na Kaka, iliwaka moto. Hakuumia mtu, ila ukuta uliungua na mashuka yote ya wageni. Mwenyewe akaja karakana anafoka, watu wamejaa mlangoni. Siku zile mikono ya Kaka ilikuwa imeanza kutetemeka, kidogo tu, asubuhi asubuhi. Nikasema mbele ya wote kwamba nimeshamwambia mikono yake haifai tena kwa kazi, hasikii. Kaka yangu! Aliyeifungua karakana ile kwa jasho lake, mimi nikiwa bado nasoma!

Hakubisha. Aliweka bisibisi kwenye droo, akanawa, akajifuta mikono kidole kwa kidole, akatoka.

Wiki iliyofuata nikaifungua ile mashine. Palipoanzia moto ni kiungo changu. Nilisokota waya, nikazungushia tepu, nikasema nitauchomelea kesho — nilikuwa nawahi mpira. Kaka upande ule hakuugusa. Nikarudisha kifuniko, nikaipeleka mashine kwenye chuma chakavu, nikanyamaza.

Siku ile ya kwanza naweza kujitetea kwamba niliogopa. Baada ya kujua, je? Nilimtoa kafara ndugu yangu, halafu nikakaa kwenye kiti chake miaka mitano. Naona aibu hata mbele ya karatasi.

Jumatano, 13 Machi

Dukani tena. Leo najua namnunulia nani, na kuchagua kumekuwa raha ya ajabu! Nilijaribu vishikio kwa ngumi iliyokunjwa, kama mtu ambaye vidole vyake havimsikii. Mwenye kucha za zambarau akanielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Akavaa glovu nene za kutolea vyungu kwenye oveni, tukazunguka duka zima tunafungua milango. Friji sita zikafeli. Ya saba akaifungua kwa kiwiko! Tukaichukua hiyo.

Akanionyesha na kitu ambacho mimi fundi sikukijua. Kibao chenye springi. Birika linakaa juu yake, mtu halinyanyui, analiinamisha tu na maji yanamiminika. Kilikuwa stoo na vumbi lake, hakuna aliyewahi kukiulizia. Nikachukua na vikombe viwili vizito, vipana chini.

Akauliza zawadi ni ya nani. Nikasema ni ya chumba kipya. Akasema chumba hakinywi chai, mzee. Basi nikasema, ni ya kaka yangu. Neno hilo lilinitoka kwa shida, kama mwiba wa samaki.

Karakana nimehamishia bawaba za mlango wa friji upande wa kushoto, kama binti alivyojibu. Kapiga simu baadaye. Jumamosi yuko zamu, ila mlango utafunguliwa. Hakusema na nani, na mimi sikuuliza. Tunaelewana.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika humu humu chumbani, kwenye kigoda, daftari nimelificha ndani ya kitabu cha maelekezo ya friji.

Dereva wa pikapu aliilaza! Niligeuka kufuata boksi la birika tu, narudi naikuta imelala chali, imefungwa kamba. Turubai la pikapu limefungwa chini chini, kasema, ikisimama haienei. Friji inalazwa kama gunia! Nikafoka, lakini mvua ilishaanza. Tukaondoka hivyo hivyo.

Ngazi zina kona tatu, sio moja kama binti alivyojibu. Mlango ulifunguliwa kabla sijagonga. Kaka kapungua. Shati limefungwa kifungo cha chini kwenye tundu la juu. Mkono wa kulia unacheza, kaukamata kwa wa kushoto.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba." Macho kwenye friji. "Mmeilaza?"

"Dereva ndiye."

"Basi isimame masaa manne kabla hamjaichomeka. Mafuta yarudi kwenye kompresa."

Kana kwamba silijui hilo! Kana kwamba mimi ni mwanafunzi wa juzi. Nikaitikia ndiyo, Kaka. Nilifurahi mpaka nikaogopa atauona uso wangu.

Ningeweza kuondoka. Kuchomeka plagi hakuhitaji fundi. Nikasema nitasubiri niione ikiwaka. Akasema haya, kaa.

Kitanda ni kimoja. Godoro jingine limeegemezwa ukutani, kwa hiyo binti analala chini. Na mapazia ya mama watoto yameshatundikwa! Kumbe ameshafika hapa, msaliti yule.

Saa ya kwanza ilikwenda kwa birika. Kaliinamisha, chai ikaingia kikombeni, meza kavu. Kalirudia mara tatu kwa maji matupu. Akataka kuona springi yake. Bila kufikiri nikampa bisibisi. Akaitazama mkononi mwake inavyocheza, akanirudishia. "Fungua wewe," kasema. "Mimi nakuambia." Nikafungua, akaniambia. Nikafunga, nikaacha skrubu moja imelala. Akaigonga kwa ukucha mpaka nikaisimamisha. Saa ya pili sikuiona hata ilivyopita.

Ya tatu ilikuwa ndefu. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikauliza kama dirisha linavujisha maji. Ya pili nikasifu mapazia. Mwoga mimi!

Sasa hivi masaa manne yametimia. Kaka hana saa ukutani wala mkononi, lakini kajua. "Muda umefika," kasema. "Chomeka."

Plagi ninayo mkononi. Nikasema tuongeze nusu saa.

Hakuna nusu saa ya namna hiyo kwenye ufundi. Yeye ndiye aliyenifundisha manne, na manne ni manne. Hakubisha. Kaburuta kiti kutoka mezani, kakiweka mbele yangu, kakaa, magoti yake yanakaribia kugusa yangu. Mkono kaukalia usicheze. Friji haitazami tena.

"Haya," kasema. "Nusu saa hiyo ni ya nini?"

Nimemwambia namalizia mstari mmoja. Anasubiri.