Mguu Mmoja Juu ya Ngolo

Mama Mwanaidi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitafika, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Ungenisema.

Juzi nimeona kitu shambani, na tangu hapo natafuta mtu wa kumwambia. Mume wangu, Baba Beno, nilimpigia simu, akasema, "Sawa, mshukuruni Mungu," halafu akauliza kama mahindi yamepaliliwa. Hakuelewa. Wewe ungeelewa kabla sijamaliza.

Nianzie tulipoachana. Ulisema unakwenda Tanga kumwona dada yako, wiki mbili tu. Simu ya msiba ilipotufikia walikuwa wameshakuzika, kama dini yenu inavyotaka, na sisi huku Mbinga tukabaki na mikeka yetu ya mazoezi mikononi nyuma ya ukumbi wa parokia. Bibi yangu Asteria alirudi nyumbani akakaa chini, miguu ameinyoosha, kama tunavyokaa msibani. Akakaa wiki. Akakaa mwezi. Wenzake nao wakaacha mazoezi. Wakaja kuniomba niwaongoze mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa namleta Bibi, na ndimi uliyenituma kuwashika wanaoyumba. Nikakataa, mama. Naona aibu kuandika. Mdogo wake Beno alikuwa anaota meno, usingizi siujui. Nikawaambia yoga ni ya mwenye nafasi.

Mwanzo wake unaukumbuka? Ulistaafu unesi, ukawakusanya bibi zetu, nao wakakuita Mwalimu. Ukawaambia mifupa ya mwanamke ikizeeka inakuwa myepesi kama gunzi. Kule ziwani ulikofanya kazi ulishamwona bibi mwenye nguvu zake akijikwaa mlangoni kwake, nyonga ikavunjika, asisimame tena. "Siwezi kuwarudishia mifupa ya usichana," ulisema. "Nataka msianguke." Ukawafundisha yale uliyofundishwa na mama wa Kihindi uliyemuuguza Tanga: kusimama kama mlima, kusimama kama mti, kuvuta pumzi taratibu, kuinama kwa nyonga bila kuukunja mgongo. Wakacheka. "Mwanangu, sisi tumeinama tangu tuzaliwe." Ukawafokea na habari ya usipa, dagaa wetu wa ziwani, wasitupe vichwa wala miiba, maana ndimo iliko nguvu ya mifupa.

Wengine wakanong'ona kwamba haya ni maombi ya dini nyingine. Bibi hakubishana nao. Kabla ya kuinua mguu alifanya ishara ya msalaba, akasema, "Nimeaga kwetu kwanza."

Na mguu haukukaa. Wiki baada ya wiki hakuna aliyeweza kusimama kwa mguu mmoja hata pumzi mbili bila kushika ukuta. Mpaka asubuhi ile Bibi alipokasirika, akaenda bombani, akajitwika ndoo imejaa maji, akainua mguu. Akatulia. Maji hayakumwagika. Wenzake wakafuata na ndoo zao, mstari mzima, na wewe ukakaa chini kwenye nyasi. Ulisema, "Nyie watu." Basi. Halafu ukazishusha ndoo zote, ukasema uti wa mgongo wa umri huo usiongezewe mzigo, ukawaachia ngata tu kichwani, kitenge kilichoviringishwa. Kikatosha. Miili ile ilikuwa inasubiri kutwikwa ndipo ikumbuke.

Sasa fikiria nilivyojisikia, mwezi wa pili baada ya wewe kufa, nilipomwona Bibi huyo huyo anatembea ndani kwa kupapasa kuta. Mkono wake ulishavunjika mara moja alipoteleza. Nilijua akianguka tena itakuwa nyonga.

Nikamwambia, "Bibi, simama."

Akasema, "Mwalimu amekufa."

Nikasema, "Mifupa yako haijafa."

Nilisema kwa ukali, na mtoto analia mgongoni. Akanyoosha mkono nimvute.

Tukaanza upya, mimi na yeye, jikoni, uji ukiwa bado motoni. Wenzake waliposikia wakarudi ukumbini mmoja mmoja. Sasa ni Jumatano na Jumamosi. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi nanyonyesha, nawahesabia pumzi.

Basi, juzi. Tulikuwa tunalima ngolo kule mteremkoni, yale mashimo yetu yaliyozungukwa na matuta, uliyokuwa ukisema yanaonekana kama sega la nyuki. Mvua ilikuwa imetoka kupita. Mimi nachimba, Bibi ananiletea mtoto anyonye. Amembeba mgongoni, anapita juu ya tuta. Tuta likameguka. Nikaona mguu wake wa kulia uko hewani, na chini yake hakuna kitu, ni mteremko mpaka mtoni. Nilikuwa mbali. Nisingewahi.

Akasimama.

Mguu mmoja, mama. Mikono ameifungua, shingo imenyooka kana kwamba kuna kitu kichwani, na hakukuwa na kitu. Nikajikuta nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Mtoto amelala, hajui lolote. Kwenye pumzi ya nne akaushusha mguu kwenye udongo mgumu, akaupima kwanza, akaendelea kuja. Alipofika mimi nimeshakaa shimoni, jembe sijui liko wapi.

"Unashangaa nini? Mpe mtoto ziwa."

Ziwa Nyasa nimeliona likichafuka mpaka wanaume wanalia. Radi nimeiona ikipasua mti. Havikunitetemesha hivi. Bibi wa miaka sabini na tisa, mwembamba, mifupa ya gunzi, na mwili wake ukakataa kuanguka kwa sababu ulifundishwa. Uliufundisha wewe. Mikono yako iko kaburini Tanga, na bado kazi yake nimeiona kwa macho yangu Mbinga.

Jioni Bibi akanigeukia. "Na wewe unatuhesabia tu kama karani wa mnada wa kahawa. Utaanza lini?" Nikamwambia nimechoka. Akasema, "Sisi tulianza tukiwa wazima?"

Basi leo Jumamosi nimemlaza mtoto kwenye mkeka, nikavua kandambili, nikaingia mstarini. Pumzi ya pili nikaanguka. Wamecheka mpaka mmoja akaomba ukuta. "Haya, mzee hapa ni nani?"

Kwaheri, mama. Pumzika salama huko kwenu. Nakuahidi nitasimama nao, nimelala au sijalala. Hakuna atakayeukunja mgongo mbele yangu. Na msiba mwingine ukija, maana utakuja, na siku moja utakuwa wa Bibi mwenyewe, tutakaa chini tutalia vizuri, siku zote zinazostahili. Kisha nitawainua. Wakikataa, nitawainua kwa ukali.

Mwanao,
Mama Beno