Niliyemkuta Stesheni

Shumba Viamboni,
Pemba.
Jumamosi.

Kwa kaka yangu Othman,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Laila na watoto, na kwamba lile goti limekuachia sasa huko Maskati. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Vuli imewahi mwaka huu, karafuu tunaanika kwa kuiba jua. Barua hii nimemkabidhi mkononi Nassor anayerudi huko kazini, maana kwenye simu hunipi nafasi; nikifungua mdomo tu, wewe ushatoa hukumu. Nakuomba ukae kitako uisome mpaka mwisho.

Uliambiwa kuwa mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Macho yangu hayana kitu. Nilikwenda kumtazama mwanangu Shadya, yule uliyesema tumhesabu kuwa amekufa tangu alipokataa kuolewa na rafiki yako Mmanga, miaka minne iliyopita, akaondoka Pemba. Ulinambia umepata habari kuwa anashinda stesheni ya treni, kichwa wazi, anacheka na kila mwanamme apitaye. Nikaona bora nikahakikishe mwenyewe.

Nilipanda boti Mkoani, na niliposhuka Dar nikachukua bajaji mpaka stesheni kubwa ya treni ya umeme. Shadya sikumwambia kuwa nakuja. Nilikaa kwenye viti vya abiria, buibui nimelivuta mpaka machoni, nikatazama.

Moja walikueleza kweli: anashinda pale. Yuko kwenye meza ya maelezo, na sare yake ya buluu, ushungi kaufunga vizuri kuliko ninavyofunga mie. Watu wanateremka kutoka Dodoma na Morogoro hawajui pa kuelekea, na wote wanakwenda kwake. Huyu anaelekezwa mwendokasi inapandwa wapi, yule anaambiwa boti ya Unguja inaondoka saa ngapi, mwengine mabasi ya kusini yako upande gani na asikubali kubebewa mzigo na mtu asiyemjua. Akaja bwana mmoja aliyeachwa na treni, akawa anapiga meza na kumtolea maneno. Shadya akamwacha amalize, kisha akamwonesha dirisha la kuulizia safari nyengine. Sauti hakuinua. Mie nilikuwa karibu niinuke nimpige yule bwana kwa mkoba.

Baada ya adhuhuri akaingia mzee wa Kisiwa Panza na mkewe. Mzee ana ugonjwa wa moyo, anapelekwa Dodoma kwa matibabu, na boti yao ilichelewa. Dakika zilizobaki chache, na kijana wa mlangoni haelewi mzee anasema nini, anamwambia arudie na arudie. Shadya akakisikia Kipemba kile kutoka mbali. Akaacha meza, akachukua begi lao, akamjibu mzee kwa lugha ya kwetu, akawapitisha mpaka wanapopandia. Kabla hawajapotea machoni mwangu mzee yule alisimama, pamoja na haraka zote zile, akainua mikono akamwombea. Alisema, "Mungu awape pepo waliokuzaa." Kaka, mie kwenye kiti changu nikaitikia amina, na machozi yananitoka, na jirani yangu akaniuliza kama nimefiwa.

Ndipo nikaenda nikasimama kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika alikuwa anaandika, hajainua kichwa. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nimeshafika. Kalamu ikamwanguka. Akaniuliza kama nimekula. Nilikaa kwake siku tano, chumba anachokaa na mwenzake Fatema, na sikuona pale jambo la kumwonea haya.

Ulisema nikimpata nimrudishe, kwa sababu ulishatoa ahadi kwa Mmanga. Ahadi ile haikuwa yako kuitoa. Wewe ni mjomba. Walii wa Shadya, mwenye haki ya kumwozesha, ni ami yake, Mjaka, na Mjaka hakuulizwa wala hakuridhia. Nimekwenda kumuuliza, na kasema hatomlazimisha mtoto wa marehemu nduguye. Basi yamekwisha, na sitaki yafufuliwe.

Sasa limebaki moja, nalo nimelificha miaka yote hii. Wewe unamshikilia Mwalim Soud, aliyemsomesha Shadya, kuwa ndiye aliyemtia maneno akakimbia. Ulipiga simu kwa huyu na yule mpaka watu wakawatoa watoto wao kwenye chuo chake cha Qur'ani, na mkewe Kijakazi akawa haalikwi harusini wala mazishini. Mwalim hakujua lolote. Aliyemtoa Shadya Pemba ni mimi. Nilimwamsha kwa sala ya alfajiri, nikampeleka Mkoani, tiketi nikamkatia mie, nikasimama bandarini mpaka boti ilipoondoka. Kisha nikarudi nyumbani nikalia mbele yenu. Nikawaacha mumle mtu asiye na kosa kwa kuwa nilikuogopa.

Sikuogopi tena. Jana baada ya sala ya Ijumaa, Mjaka alisimama msikitini akayasema haya kwa niaba yangu, neno kwa neno kama nilivyomwagiza. Kutoka hapo nikenda kwa Kijakazi. Alinisikiliza mlangoni na hakunikaribisha ndani. Alinambia tu kuwa miaka minne ni mingi. Ni haki yake. Kesho nitakwenda tena, na kesho kutwa.

Kumtoa mwanangu sikujutii, na ingelazimu ningemtoa leo. Ninachojutia ni Mwalim. Na wewe una simu zako za kupiga, kwa wale wale uliowapigia mwanzo.

Nisalimie wifi Laila na watoto wote. Mjaka anakusalimu, na majirani pia. Shadya atakuja Ramadhani, akae mpaka Iddi. Wewe bado ni kaka yangu, na siku utakayokuja utafuturu kwangu kama zamani. Lakini yeye atakuwa amekaa pale pale, kwenye sinia moja na wewe.

Nduguyo,
Mwatum, mama yake Shadya