Zamu za Mwanga za Bibi Harusi

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA CHA UMOJA WA WAGONJWA WANAOTIBIWA NGOZI KWA MWANGA

Tarehe: Jumamosi ya kwanza ya mwezi
Mahali: Chumba cha kusubiri, kliniki ya ngozi
Waliohudhuria: Fundi Cherehani (Mwenyekiti), Mama Bibi Harusi (Katibu, ndiye mimi), Bibi Harusi (mwanangu huyo), Mzee Kinyozi, Muuguzi (mwalikwa)
Hakuhudhuria: Dobi. Hakutoa udhuru, amenuna tangu Muuguzi aanze kuuliza habari za zamu.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao taa za matibabu zikipashwa moto chumba cha pili. Mwanga wa buluu ulipenya chini ya mlango ukatambaa hadi miguuni mwetu, mashine ikivuma kama mtu anayebembeleza mtoto.

KUMB. NA. 2/6: KUPEANA ZAMU
Muuguzi alieleza kwamba amegundua wajumbe wanampa Bibi Harusi zamu zao, ili mabaka yaishe kabla ya harusi. Binti huingia kwa majina yao asubuhi, zamu ya wauguzi wasiomjua. Alisema mwanga huo ni dawa, lakini ngozi haisahau: ukilundikana kupita kipimo, hatari ya saratani ya ngozi huongezeka miaka ya mbele. Mgongo wa binti umeshaungua kidogo. Daktari amemkagua, hajaona saratani, ila ameagiza mwanga usimame.

Mzee Kinyozi alisema alitoa zamu yake kwa moyo mweupe. "Sikujua nampa mjukuu wangu moto."

Katibu alieleza kwamba uso wa binti umepona na kila anayemwona hugeuka mara mbili (hili ni kweli tupu). Yamebaki mabaka ya mikononi, na mikono ndiyo itakayovishwa pete. Aliomba wiki chache tu. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike, asihutubie.

KUMB. NA. 3/6: KAULI YA BIBI HARUSI
Alieleza kwamba mle ndani, akifumba macho nyuma ya miwani ya kukinga mwanga, huwa kama anaelea, na hatamani kutoka. Kisha alimgeukia Katibu: "Mama, sitaki ngozi ya siku moja. Nataka ya kuzeeka nayo. Pete itaingia mikono ikiwa hivi hivi."

Katibu aliweka kalamu chini. Mwenyekiti aliagiza hilo nalo liandikwe.

Iliamuliwa: zamu haigawiwi tena. Kila mtu na kipimo chake.

KUMB. NA. 4/6: MENGINEYO
Mwenyekiti aliuliza kama bado ashone glavu za lesi alizoagizwa na Katibu kwa siri. Katibu alijibu zisishonwe. Watu waje waione mikono ya mwanangu.

Kikao kiliishia hapo saa 11:10 jioni.

Mwenyekiti: ..................
Katibu: ..................