Gome la Jozi Kinywani mwa Spogmai

Mpendwa mshauri wa redio, naomba msaada, nakuandikia kwa simu nikiwa nimejifungia stoo hapa Mingora. Binti yangu Spogmai ana miaka sita, ana saratani ya damu, wiki iliyopita tumetoka hospitali ya Peshawar kuwekewa dawa zake za mshipa, na nesi alituonya kwamba siku hizi kinywa chake hakitaki purukushani, tutumie mswaki laini wa mtoto mchanga, asukutue maji ya chumvi, na akipata homa tusikae nyumbani hata saa moja. Sasa shemeji yangu anaoa kesho, na juzi wanawake wote tulikaa uani kusugua meno kwa dandasa, lile gome la mti wa jozi linalotuachia midomo myekundu, mama mkwe akamvuta Spogmai akasema, “Njoo mwanangu, meno yamekuwa ya njano kama ya mtoto asiye na kwao! Wageni watatusema.” Mtoto akalia, “Bibi, linachoma!” akajibiwa, “Ukitaka uzuri sharti udhurike, tulia.” Akaniambia nimshike mikono, na mimi, mshauri, nikamshika.

Damu ilitoka hadi jioni, jana ufizi ukavimba, hali chochote, shangazi zake wakiuliza anasema, “Nimejing'ata mwenyewe.” Leo asubuhi amechemka mwili, nikampa dawa ya kushusha homa, ikashuka, nikataka kuondoka naye lakini mama mkwe amesimama mlangoni, “Subiri arusi ipite. Na ukinitaja hospitalini, usirudi kwangu.” Baba yake yuko kazini Sharjah, ng'ambo, sijamwambia. Je, nisubiri, au niende niseme kajing'ata?

Mama Spogmai

Mama Spogmai, nimeweka kando barua nyingine zote. Homa haijaisha, umeifunika tu, na dawa za saratani zimemwacha mtoto bila askari mwilini. Uchafu unaoingia kwenye kidonda cha ufizi unaweza kufika kwenye damu leo hii. Arusi! Hivi bwana arusi atakosa kuoa kwa sababu nyinyi hampo?

Nakuonea huruma, najua nyumba ya mkwe inavyobana. Lakini ile mikono uliishika wewe, na sasa mtoto wa miaka sita anasema uongo ili watu wazima mpatane. Hilo limeniuma kuliko yote. Mwambie mkiwa njiani kwamba hakukosa kitu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari mwambie lote: gome, siku, damu ilitoka muda gani, homa ilianza saa ngapi, dawa uliyompa. Hakuulizi ili amfunge mtu, anataka kujua amtibu vipi. Peshawar ni mbali, kwa hiyo anza na hospitali kubwa ya hapo Mingora, useme mlangoni kabisa, “Mtoto wa saratani, ana homa,” na uwapigie wale wa Peshawar waongee wenyewe. Usimsugue tena, usimpake asali wala karafuu. Akiweza, asukutue taratibu tu.

Mama mkwe wako si mchawi, anampenda mjukuu kwa namna aliyoizoea. Ila upendo haumzibii mlango mtoto mwenye homa.

Namba yako ninayo, naweka muziki hewani, nakupigia sasa hivi. Simu mpe mama mkwe, nitaongea naye mimi. Wewe mvalishe mtoto viatu.