Nafasi Moja ya Mita 1500

Jumatatu, 18 Oktoba 2004

Mizunguko minane kabla ya darasa. Goti la kushoto halikuuma. Uji mweupe wa kantini, yai moja. Salma, niliyepangiwa naye chumba, alikimbia nyuma yangu na suruali yake ndefu, ushungi umebanwa kwa pini. Ametoka Zanzibar Septemba hii. Mimi huu ni mwaka wangu wa tatu Guangzhou. Mwalimu Liang wa michezo alinisimamisha. "Tazama mabega yake," akasema. Yangu hajawahi kuyataja.

Jumatano, 20 Oktoba

Mashindano ya chuo ni Novemba. Kila kitivo kinatoa mwanamke mmoja tu kwa mita 1500. Kitivo cha wageni kimenitoa mimi miaka miwili. Kwingine kote hapa naitwa mwanafunzi wa Afrika. Uwanjani kipaza sauti hutaja jina langu.

Wenzako huandika vikaratasi vya kukutia moyo, vinasomwa kwenye kipaza sauti unapokimbia. Mwaka jana nilisomewa kimoja. Nilijiandikia mwenyewe.

Ijumaa, 22 Oktoba

Futari chumbani kwetu. Ami yake Salma, mfanyabiashara wa soko la Liuhua, kaleta tende. Ghorofa nzima imejaa kitandani kwangu, hata Wachina wawili. Salma anawachekesha kwa Kichina kibovu. Changu safi hakimchekeshi mtu.

"Kula, shoga! Au huko Moshi mnang'olewa meno?"

Wote wakacheka. Nikala tende tatu. Tamu sana. Namchukia.

Jumatatu, 25 Oktoba

Mimi ndiye kiongozi wa michezo wa kitivo, kwa hiyo Mwalimu Liang aliniuliza mimi: mchujo wa kumpata mkimbiaji wetu uwe saa moja asubuhi au saa kumi na nusu jioni? Habari za Ramadhani hazijui. Mimi nazijua. Asubuhi Salma ana daku tumboni. Jioni hana kitu.

Nikasema jioni. Nikaongeza kwamba asubuhi watu wana vipindi. Saa moja hakuna mwenye kipindi.

Alhamisi, 28 Oktoba

Mchujo. Joto zito, kama kujifunika blanketi bichi. Mizunguko mitatu Salma alikuwa mbele. Kisha miguu yake ikaisha. Niliiona ikiisha. Nikampita.

Alimaliza akitembea, akaketi kwenye nyasi. Mwalimu akampelekea maji. Salma akatikisa kichwa, akatabasamu, midomo imepauka. Mwalimu akanigeukia nimweleze. Nikamweleza mambo ya kufunga. Akauliza: basi kwa nini ulichagua jioni?

Nikainama kufunga kamba za viatu. Mimi, mwenye Kichina safi.

Akaandika jina langu kwenye orodha bila kunitazama.

Ijumaa, 29 Oktoba

Sikulala vizuri. Nimemwambia Salma. Alikuwa anakunja kanga.

"Nlijua," akasema. "Kwani saa kapanga nani kama si wewe? Nami nna ulimi, ningesema. Nlitaka nikushinde na funga yangu, watu waone. Kibri hicho, Mungu anisamehe."

Nikamwambia nitakwenda kwa mwalimu, achukue yeye nafasi.

"Thubutu! Ya huruma siitaki. Kimbia, mwana wewe."

Afadhali angenipiga kofi.

Jumamosi, 6 Novemba

Nimekuwa wa sita kati ya kumi na wawili.

Mzunguko wa tatu nilikuwa wa tisa, pumzi zimekwisha. Kipaza sauti kikataja jina langu. Msomaji alikwama mara mbili; nadhani herufi za Kichina ziliandikwa vibaya. Kisha akasoma: "Neema, usitembee, nimekuwekea tende." Uwanja mzima ukacheka. Nikapita watatu.

Magharibi tumefuturu wawili tu, mimi na Salma. Nimemwambia alichosema Mwalimu Liang kuhusu mabega yake. Akajitazama kwenye kioo, bega hili, kisha lile, akasema hajaona cha ajabu.

Wivu bado upo. Kesho tunakimbia asubuhi, akishakula daku. Yeye mbele.