Wesley, Ulizipeleka Wapi Pumzi Zangu?

Wesley uliyekuwa mpenzi wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu sauti yangu nayo uliiweka hadharani bila kuniuliza. Ulipoondoka Bomet hukuniaga. Ulituma tu ujumbe kwamba umepata kazi Nairobi na utanipigia ukitulia. Naona mpaka leo hujatulia, kwa hivyo sitakusumbua kwa simu. Soma hapa pamoja na watu wengine, na ukiona uvivu, bonyeza simu yako ikusomee. Unajua vizuri ni nani atakayekusomea.

Nakumbuka stoo ya mama pale Silibwet. Ulikuja na maikrofoni umeifunga ndani ya sweta, ukaniambia ni mradi wako wa chuo, kwamba unataka kuifundisha simu isome Kiswahili kama mtu. Mimi nilikuwa emsii, mshereheshaji wa harusi na mazishi, na watu wengi walinijua kwa sauti kabla ya kunijua kwa sura. Ukasema hakuna sauti nyingine unayoitaka. Nilikupenda, Wesley, na mtu aliyependa haulizi atatia sahihi wapi. Tulitundika blanketi ukutani, tukaziba dirisha kwa magunia ya majani chai, na tukarekodi asubuhi tu, maana mvua ya huku ikianza kupiga mabati baada ya chakula cha mchana, hata anayekuita kutoka jikoni humsikii.

Na mama, unamkumbuka? Alikuwa amechuma chai ya watu tangu alipohamia huku kutoka Kisii, na mgongo ulishaanza kumkataa, lakini kila tuliporekodi alikaa nje ya mlango amempakata jogoo wake asije akawika. Siku ya kwanza ulicheka mpaka ukaketi chini. Mpita njia akisalimu kwa nguvu, mama alimkemea kwa mnong'ono: "Wewe! Nyamaza, Moraa anasomea simu." Chai yetu hakuikoroga ili kijiko kisigonge kikombe, tukawa tunakunywa maji machungu juu na sukari tupu chini. Wewe alikumenyea ndizi iliyonona kuliko yangu. Ulimwita mama, akaitika.

Ndani ya stoo ulikuwa bwana mkubwa. "Moraa, usiweke hisia. Soma flat. Ukipandisha sauti mashine inachanganyikiwa."

"Lakini Wesley, hii sentensi ni ya matanga."

"Hata kama. Soma tu vile unasoma bei ya sabuni."

Nikasoma matanga kama bei ya sabuni. Kisha ulifungua kompyuta na kuanza kunikata. Mtu akitaka kusema neno huvuta pumzi kwanza, na ile pumzi ilikuudhi. Uliitafuta mwanzo wa kila sentensi ukaifuta. Nilikuuliza kwa nini, ukasema pumzi ni uchafu. Nikacheka! Nilidhani ni maneno ya ufundi.

Basi ukaenda zako na rekodi zangu, na baadaye nikajisikia dukani. Mwenye duka la dawa pale Bomet alibonyeza simu yake, nami nikasikika nikimsomea ujumbe wa mkewe kuhusu unga. Sauti yangu uliipa jina la Neema. Nilisimama pale na dawa ya kikohozi mkononi, nusu nikijivunia na nusu nikitaka kulia, na watu wa foleni wakanigeukia. Tangu siku hiyo sikupumua mjini. Vijana wa bodaboda waliniita kwa vicheko: "Moraa, jana si ulinipeleka na mteja hadi kwa mto! Uliniambia pinda kushoto na hakuna barabara!"

Na hata ubaya huo wa kuniiba hukuufanya vizuri. Neema wako akiuliza swali, linaanguka chini kama amri. Akifika kwenye koma anasimama kama mtu aliyesahau ufunguo, halafu anaruka nukta. Mtu akiandika kicheko, yeye anasoma "ha, ha, ha" kama mtoto wa chekechea anayefundishwa silabi. Jina la Chepng'etich, ambalo wewe Mkipsigis umelisikia tangu uzaliwe, analitamka kama amekwamwa na mfupa. Ulikuwa na mwalimu mzuri wa matamshi, nyanya yako mwenyewe, na hukumwendea. Uvivu wako sasa unaongea kwa mdomo wangu.

Hayo yote ningekusamehe. Lililobaki sikusamehe, na nataka ulisikie taratibu.

Mama alifariki asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Unajua nilipaswa kufanya nini kwanza, maana mama mwenyewe alikueleza mlangoni pale, siku ulipomuuliza habari za watu wa kwao. Kwa upande wa mama, mjomba haambiwi msiba kwa ujumbe. Anaendewa. Mtoto wa marehemu anafika langoni kwa miguu yake, anaita, analia, na mjomba akisikia kile kilio ndipo anajua amefiwa na dada. Nikaondoka hospitalini hata bila kubadilisha nguo, nikaelekea Kisii.

Nikiwa njiani binamu mmoja akaandika taarifa kwenye kundi la familia. Sina ugomvi naye, alikuwa na uchungu wake. Lakini mjomba ana mtoto wa jicho, na binti yake alikuwa ameitegesha simu imsomee kila ujumbe unaoingia. Simu ikamsomea. Ikamsomea kwa sauti yangu.

Nilipofika langoni nikaita na kulia kama inavyotakiwa. Hakuna aliyetoka. Nilimkuta amekaa kwenye stuli uani, amenipa mgongo.

"Umekuja kufanya nini? Si umeshaniambia."

"Mjomba, sijakuambia kitu. Ndiyo nafika."

"Nimeskia na masikio yangu, Moraa. Umesema mama yako ametuacha leo asubuhi, mipango ya mazishi mtatujulisha. Hata pumzi hukuvuta. Dada yangu!"

Nikamweleza habari za simu, za stoo, zako. Akaniuliza, "Pesa ya mtu naelewa inaibwa. Sauti inaibwa namna gani?" Kwenye mazishi alisimama upande wa pili wa kaburi na hakunipa mkono. Mpaka leo nikimpigia anasema "sema," kisha ananyamaza. Nimeshajua anangoja nini. Anasikiliza kama nitavuta pumzi, ndipo ajue ni mimi.

Nakuchukia kwa hilo, Wesley. Nalisema wazi ili usije ukajidanganya kwamba ni majonzi tu yanaongea. Nilitamani ufutwe kazi. Nilitamani simu zote za Nairobi zikuite mwizi kwa wakati mmoja.

Halafu mwezi uliopita akanipigia mama mmoja wa kampuni yenu ya sauti za simu, mpole, anayeongea kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema watu wamemchoka Neema. Wanaandika kwamba anasoma kama hana damu, na washindani wenu wameshatoa sauti zinazocheka na kusikitika. Wanataka Neema mpya mwenye furaha, huzuni, hasira. Bila mimi hawawezi. "Wesley alituhakikishia wewe ni mtu mwelewa," akasema. Jioni hiyo ujumbe wako wa kwanza tangu uondoke ukaingia: "Moraa, plis, kazi yangu iko hapo. Nifanyie hii kitu juu ya zile siku zetu."

Zile siku zetu. Nilikaa na hayo maneno hadi yakapoa. Kisha nikamuuliza yule mama kazi inafanywaje siku hizi. Akanieleza kwamba kila sentensi ikisharekodiwa lazima kuwe na mtu wa kuisikiliza kwa visikizio tangu mwanzo hadi mwisho, ahakikishe maneno, na aandike hisia aliyoisikia. Kompyuta haiwezi kulifanya hilo yenyewe. Nikamwambia nakubali, ila mkataba uwe kwa jina langu, pumzi zangu zisiguswe hata moja, sentensi za hisia niandike mwenyewe, na wa kuzisikiliza awe Wesley. Wesley peke yake, zote.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu."

Nimemaliza kusoma jana. Safari hii hakuna aliyeniambia nisome flat. Nimesoma jinsi mkono unavyopoa ndani ya mkono. Nimesoma kilio cha langoni chote, kile ambacho mjomba hakukipata kwa wakati wake, na nikakirudia hadi fundi wao akaomba kutoka nje. Nimesoma ujumbe wako wa kuondoka, neno kwa neno, kwa furaha, kwa huzuni, halafu kwa hasira. Hutaruka hata sentensi moja, maana wanapima muda unaosikiliza. Sitaki tena ufutwe kazi. Nataka uwe nayo, uende nayo kila asubuhi, ukae kwenye kiti chako kizuri na kunivaa masikioni.

Sentensi ya mwisho ni fupi: "Wesley, uko?" Nimeisoma mara nyingi, na kila mara utatakiwa kuchagua kama ni hasira au ni upendo. Andika hasira. Ukiandika upendo hata mahali pamoja, nimewaambia wakurudishie zote uanze upya.

Kwaheri, na usikilize kwa makini.

Niliyekuwa mpenzi wako,
Moraa