Mbuzi Ametubu, na Wewe Umekuwa Mchungaji

Kaka Yohana,

Tangu wiki iliyopita wewe ni mchungaji. Aliyenithibitishia ni Bi. Halima, mkutubi wa katalogi, ile orodha ya vitabu, katika maktaba ya kile chuo ulichokuwa ukisomea Kiingereza. Nilimuuliza mara mbili kwa simu, akajibu vilevile: Yohana Bahati, mchungaji, mkazi wa Etobicoke, mtunzi wa vitabu vitatu. Viwili ni vya maombi. Cha tatu ni Mbuzi wa Mjomba. Chako.

Wewe ungecheka kwanza. Mimi sikucheka.

Zamani maktaba ilikuwa na jina lako tu. Unakumbuka ulivyokuwa ukituburuta pale Jumamosi, kila mgeni aliyefikia mtaani kwetu Flemingdon? Ulikuwa ukiandika jina lako kwenye kompyuta, kitabu kinatokea, kisha unasogea pembeni na mikono mfukoni, kana kwamba unamtazama mtu mwingine. "Kazini, ghalani Malton, mimi ni namba kwenye kizibao," uliniambia. "Hapa nina jina." Ndiyo maana nimeshindwa kuliacha jambo hili.

Bi. Halima amenieleza kwa subira. Kanuni za katalogi zimebadilika. Siku hizi rekodi ya mtunzi inasema pia alizaliwa lini, anafanya kazi gani, anaishi wapi, ili wawili wenye jina moja wasichanganywe. Basi nyuma ya kitabu chako imeandikwa kwamba mtunzi alizaliwa Kongo, tarehe mosi Januari. Na kwenye tovuti ya kanisa moja la Etobicoke yupo Mchungaji Yohana Bahati, mzaliwa wa Kongo, anakata keki tarehe mosi Januari. Mwaka wa kuzaliwa uleule. Bi. Halima akawafanya mtu mmoja.

Wewe ndiye uliyenifundisha mimi Mtanzania mambo haya: karani wa kambi ya wakimbizi aliwapa mosi Januari wote wasiokuwa na cheti, na mwaka akaukisia kwa kimo. "Mwaka Mpya jengo letu zima linazaliwa," ulikuwa ukisema. "Hata lifti inanuka keki." Bi. Halima alizaliwa hospitalini Mombasa, ana cheti chake. Hakuwa na sababu ya kushuku.

Mimi nilikuwa nayo. Nilimuuliza habari ya kwamba mchungaji ana vitabu vitatu ameitoa wapi. Akasema kwenye tovuti ya kanisa. Kwa hiyo kanisa lilitangulia kusema, maktaba ikafuata.

Jumapili nilikwenda kanisani kwake, na binti yako Neema akanisindikiza. Mchungaji alikuwa akiwasomea watoto kitabu chako. Kwako, mbuzi anakula suruali ya harusi ya mjomba na haadhibiwi, kwa sababu suruali yenyewe ilikuwa mbaya. Etobicoke, mbuzi anapiga magoti na kutubu. Watoto walikuwa wakipiga miayo. Neema aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wenu, kwamba baba yake angekuwa ameshatoka nje.

Baada ya ibada nilimfuata. "Ndugu mwandishi wa habari! Kunywa chai kwanza," akasema. Nilikunywa, nikauliza. Akasema tovuti ilitengenezwa na dada mmoja, labda alikosea. Dada yuko wapi? Amehamia Alberta. Simu yake? Imepotea. "Na maktaba wenyewe wanasema ni changu," akaongeza. "Mimi nani nibishane na maktaba?" Chai ilikuwa nzuri. Maelezo sikuyaamini, na sina ushahidi wa kuyavunja.

Bi. Halima aliniambia njia ya haraka ya kuwatenganisha ni tarehe yako ya kweli. Nikaenda kwa Mama Neema. Anaijua, nimeona usoni mwake. Lakini alifunga mlango wa jikoni watoto wasisikie, akaniuliza, "Shemeji, umetumwa na nani?" Nikasema sijatumwa. "Leo maktaba, kesho uhamiaji. Hiyo mosi Januari ndiyo iko kwenye karatasi zake, zangu na za watoto, mpaka kwenye kaburi. Unataka niseme mume wangu alidanganya?" Nimewahoji watu wengi walionishuku. Hakuna aliyekuwa na haki ya kunishuku kama yeye. Sikuuliza tena.

Nilimpigia tena Bi. Halima: tarehe ni lazima? Akasema si lazima. Kazi ya mtu inaweza kutosha, mradi yeye ajulishwe kwa uhakika kwamba hawa ni wawili. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi tu, kama mtunzi wa Mbuzi bado yu hai, kwa sababu siku hizi rekodi inachukua na mwaka wa kufa.

Kaka, hapo ndipo nilipompigia mchungaji. Nilimwambia mtunzi wa Mbuzi wa Mjomba amefariki, na maktaba iko tayari kuandika hivyo. Atakayebaki na kitabu atabaki na kifo pia. Nikasikia kiti kikisogezwa. "Ndugu," akasema, "hilo nalo si jambo la kuandikwa hovyo." Nikamjibu kuwa nami nimekuwa nikisema hivyo tangu Jumapili.

Imebaki kazi yako ya kuandikwa kwenye rekodi, kaka. Nilifikiria kuwapa ile ya ghalani, maana ndiyo iliyokulipia kodi. Neema aliposikia alinijibu kwa Kiswahili, ambacho ulikuwa ukimbembeleza akiseme: "Aandikwe mtunga hadithi. Basi."

Mchungaji ameahidi kuja kusema mbele ya Bi. Halima kwamba kitabu si chake. Ametaka pia aruhusiwe kueleza upande wake, na hilo silipendi. Nimemwambia Neema aketi kati yetu, na nakala yako aishike yeye.

Pumzika, Yohana. Nakuahidi sitatoka pale kabla sijaandika jina lako kwenye ile kompyuta na kumwona mbuzi akitokea chini yake, bila kutubu. Ni Alhamisi hii, saa nne asubuhi.

Rafiki yako,
Musa